Mwalimu Aliyekwenda Kusomea Utoto

Jumamosi, tarehe 12 Aprili. Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri, ikakatika saa mbili, jua likatoka kali la kuumiza macho, na sasa saa nne imerudi, si ya nguvu, manyunyu tu yasiyojua yanataka nini. Nguo nimezianika mara mbili na kuzianua mara mbili. Ua nimeufagia na haukuhitaji kufagiwa.

Mwalimu alipiga simu jana jioni. "Mama Rehema, kesho nitapita kwako baada ya adhuhuri. Nina kitu chako." Nikamuuliza kitu gani. Akasema, "Si cha kusema kwenye simu." Nikamwambia karibu, na tangu hapo sijakaa kitako.

Nadhani najua ni nini. Ni zile karatasi alizoandika alipokuwa chuo kikuu, zenye habari ya nyumba hii. Habari yenyewe ni kwamba Rehema, mwanangu, sikumzaa mimi. Ndiyo mara ya kwanza nayaandika maneno hayo. Rehema ana miaka kumi na minne na hajui, na daftari hili nalifungia kabatini chini ya mashuka.

Nimeona nimwandike Mwalimu kabla hajafika, maana akishafika nitamwonea haya au nitamkasirikia, na vyote viwili vitaniharibia mkono. Nataka nimwandike kwa haki. Kama naweza sijui. Mimi ni wa darasa la saba.

Mwalimu alikuwa akifundisha chekechea ya mtaani kwetu, nami nilikuwa mpishi wa uji. Miaka tisa tulikuwa pamoja, yeye darasani, mimi kwenye banda la jiko nyuma ya darasa, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mabati, kwa hiyo kila alichofundisha nilikisikia. Naweza kusema nimesoma chekechea mara tisa.

Ni mwanamke wa mwili, mrefu, na vile viti vya darasani ni vya watoto wa miaka minne. Lakini hakukubali kukaa kingine. Viwili vilivunjika chini yake, akavigongelea misumari mwenyewe, na wazazi wakija wanamkuta amekaa, wao wanasimama yeye hainuki, magoti yamefika kifuani. Mama mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Huyu mwalimu hana heshima, anasalimia watu akiwa chini." Mwalimu akamjibu, "Shoga, nikisimama ninaona utosi wa watoto tu. Utosi hauniambii kitu."

Hakuwa anamuuliza mtoto "kwa nini". Alisema "kwa nini" ni swali la polisi. Yeye neno lake lilikuwa moja: "Kisha?"

Siku moja mtoto alikuja na kiatu kimoja. Akasema kingine kimeliwa na mbuzi. Mimi, kwa ukweli wote, ningemwambia mwongo wewe, na pengine ningemfinya. Mwalimu akasogeza kiti.

"Kisha?"

"Kisha mbuzi akawa anatembea na kiatu tumboni. Kinagonga, ko, ko, ko."

"Kisha?"

"Kisha bibi akasema tumchinje, tukitoe."

"Kisha?"

Mtoto akafikiri sana. Mimi nimeshika mwiko, sikorogi tena. "Kisha nikamwonea huruma mbuzi, nikasema kiatu nilikitupa chooni."

Uji uliungua siku ile. Niliona kwamba neno hilo linafanya kazi ambayo fimbo haifanyi. Nilipaswa kuona pia kwamba linaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa mtu mzima.

Saa sita kasoro. Mvua imesimama. Nimezianika tena nguo.

Alipokuwa amevuka miaka arobaini akatuambia anakwenda chuo kikuu, Dar. Atasoma habari za utoto na ujana, na pamoja nazo uandishi wa kubuni. Mtaa ulicheka. Bhai mwenye duka la kona, ambaye babu yake ndiye aliyelijenga, alimwambia mbele yangu, "Mwalimu, mtu anasafiri mpaka chuo kikuu kusomea utoto? Mimi nina wanne hapo ndani. Njoo usome bure, na chai nitakupa."

"Bhai, uwe nao hata kumi. Niambie tu yule mdogo anaogopa nini. Ukijibu sasa hivi, siendi."

Bhai akacheka, akapima sukari, akafunga. Kesho yake nimekwenda kuchukua chumvi, akaniinamia kama mtu mwenye siri. "Mwambie Mwalimu nimeuliza. Anaogopa mizani. Anadhani akipandishwa atauzwa." Tangu siku hiyo mizani ilihamia upande wa pili wa kaunta, na Bhai hakucheka tena habari za chuo.

Masomo yake yalikuwa ya jioni. Chekechea ikifungwa mchana, yeye na mkoba wake kituoni, anarudi watu wamelala. Asubuhi yuko kwenye kile kiti kidogo, macho mekundu. Miaka mitatu hivyo. Mimi nisingeweza.

Sasa, haki. Lazima niandike na upande mwingine, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniagiza.

Daftari la kwanza alinipa yeye. Alinikuta naandika kwa mkaa kwenye ubao wa jiko: leo watoto arobaini na wawili, mvua, Fulani amelilia mama yake. Akasema, "Kumbe unaandika." Nikasema natunza hesabu ya uji tu. Kesho akaniletea daftari. Hakuwahi kulisoma wala kunisahihisha. Aliniambia kitu kimoja: "Siku ukiniandika mimi, usiniandike mzuri tu. Ukiniandika mzuri tu, nitajua umenisahau."

Haya. Yeye aliyekataza fimbo, nilimwona kwa macho yangu akimpiga mtoto kofi. Mtoto alitoka mbio getini kufuata pikipiki, gari likamkosa kidogo. Mwalimu akamkamata, akampiga, kofi la kusikika mpaka kwangu. Kisha akaja jikoni, akakaa juu ya kuni, akawa anautazama mkono wake. Nilimpa uji, hakunywa.

Na ana binti yake mmoja, mtu mzima, anaishi Dar. Alikuja mara moja tu katika miaka ile tisa. Alisimama mlangoni kwangu akimsubiri mama yake amalize kumsikiliza mtoto wa mtu, akaniambia akitabasamu, lakini si kwa furaha, "Mama yangu anawasikiliza nyote. Mimi nilisikilizwa na redio." Naandika hilo. Naandika pia kwamba Mwalimu alimlea peke yake, asubuhi shuleni, jioni akishona nguo za watu, na mtu ana masikio mawili tu. Sijui mizani inalalia upande gani.

Chuoni hakuwa bora. Kazi yake ya kwanza ya hadithi ilirudi na maandishi ya kalamu nyekundu: watoto wako wanaongea kama madiwani. Alinisomea, tukacheka tukashikana mikono, tukacheka, halafu nikaona yeye machozi yake si ya kucheka tena. "Miaka yote hii nao, Mama Rehema," akasema, "nikishika kalamu nawasahau."

Dawa aliyoipata ndiyo iliyotuingiza sisi. Aliamua kwamba kila hadithi, kabla haijakwenda kwa wakubwa, isomwe na kijana wa mtaani. Akawachagua watatu, na wa kwanza akawa Rehema, ana miaka kumi na moja wakati ule. Jumamosi akitoka madrasa anakwenda nyumbani kwa Mwalimu, anapewa bunda la karatasi na penseli. Ilikuwa mwiko kusema nzuri au mbaya. Neno lililoruhusiwa lilikuwa "hapa si kweli", na kusema ingekuwaje.

Mara moja nilichungulia. Mwalimu alikuwa ameandika mtoto anasema "nina huzuni". Pembeni mwandiko wa mwanangu: *Hapa si kweli. Hawezi kusema hivyo. Angesema tumbo linamuuma.* Nilitembea na maneno hayo wiki nzima. Nilijivuna, sitaficha. Mwanangu anamsahihisha mtu wa chuo kikuu.

Sasa nifike kwenye langu.

Nilizika watoto watatu. Wa tatu alipokufa nilikuwa na maziwa, na maziwa hayajui kwamba mtoto amezikwa. Wiki ya tatu nikiwa ndani sili, mdogo wangu wa Saadani akaja kwa gari la samaki. Alikuwa na watoto wanne, na wa tano amemfunga kwenye kanga ya kijani, ana siku arobaini. Akaniwekea mapajani. Akasema, "Dada, huyu ni wako. Usinirudishie hata nikilia." Kisha akalia, nami sikumrudishia.

Kwetu kupewa mtoto na ndugu si ajabu, na mdogo wangu kwa mtoto ni mama vilevile, mama mdogo. Shehe alituambia maziwa yangu yamemfanya awe mwanangu na mume wangu awe baba yake wa kunyonya, ila jina libaki la baba aliyemzaa. Lakini siku ya kumwandikisha shule, mume wangu aliulizwa jina la baba, akataja lake. Hakufanya kwa hila. Lilimtoka. Tangu hapo tukawa tumenyamaza. Akiona nimeanza kuhangaika husema, "Siku ya posa tutasema. Siku hiyo hakuna ujanja, walii lazima awe baba aliyemzaa." Kwa hiyo kila mwaka Rehema anavyorefuka mimi naiona siku hiyo inakuja, mgeni kavaa kanzu na mkufu mfukoni, na mwanangu anaambiwa mbele ya watu kwamba anayemwozesha si yule anayemwita baba.

Nilimsimulia Mwalimu jikoni. Hakunilazimisha. Ilikuwa siku mtoto mmoja ameletwa na shangazi yake aliyepewa amlee, nami nikasema, "Hata mimi nilipewa." Akavuta kigoda.

"Kisha?"

Nikasema yote. Mtu mzima mimi, kama yule wa kiatu.

Baada ya miezi akaja na fomu. Alitaka kuandika hadithi kutokana na niliyomwambia, majina atabadilisha, Saadani haitatajwa, na chuoni kwao huwezi kuandika habari ya mtu bila ridhaa yake. "Soma yote, halafu ndiyo utie saini," akasema. Naandika hili kwa sababu ni kweli: aliniambia nisome yote. Nikasoma mistari ya juu. Uji ukafura. Nikatia saini karatasi imeshikwa kwenye goti, nikakimbilia sufuria. Nilidhani hadithi ya kubuni maana yake hakuna mtu ndani yake.

Alinipa nakala ilipokwisha. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikafika kwenye kanga. Rangi aliiacha ileile, kijani. Nikafunga, sikuendelea, na kesho yake nikamrudishia. Sikumwambia asimpe Rehema. Nilidhani jambo hilo halihitaji kusemwa.

Nasikia hodi.

Saa kumi na nusu. Amekwisha kwenda. Naandika haraka, Rehema yuko njiani anarudi tuisheni.

Aliingia na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, amelowa bega la kushoto. Amekonda. Nimemvutia kiti, akakiacha, akakaa kwenye kigoda changu cha jikoni, magoti kifuani. Nilitaka kumkasirikia na nikashindwa kidogo kwa sababu ya magoti hayo.

"Umepakia vitu?" nikamuuliza, maana tunajua anahamia Ubena, amepewa kazi ya kuwafundisha walimu wa chekechea wa kule.

"Nimepakia. Ndiyo nimeikuta hii."

Akatoa bunda kwenye mfuko wa nailoni. Karatasi zilikuwa zimefungwa kwa uzi wa rangi ya waridi, na fundo lile nalijua, ndivyo Rehema anavyofunga daftari zake.

"Alisoma," nikasema.

"Alisoma. Fomu ilisema vijana wa mtaani watasoma kwanza. Ulipotia saini nikadhani umeamua ajue kwa njia hiyo. Nikasema moyoni, Mama Rehema ni jasiri kuliko mimi."

"Sikufika kwenye mstari huo."

Manyunyu yakawa yanagonga bati.

"Alizirudisha lini?"

"Mwaka jana, kabla ya Ramadhani. Alizirudisha darasani, zikawekwa rafuni. Wiki ile nilikuwa na mtihani. Nikapeleka nakala nyingine chuoni, wakaipokea, wakanisifu." Akafungua mkono wake, akautazama vile alivyoutazama siku ya kofi. "Fundo nimelifungua juzi. Miaka mitatu nimesomea utoto, Mama Rehema. Mtoto akaniandikia, sikufungua."

Nilikuwa na neno la kumkata. Lilikuwa tayari, na lilikuwa la kweli: hata binti yako alilisema. Sikulisema, na sijui kama ni wema au ni woga, au ni kwa sababu nami niliiacha fomu yangu vilevile, kwa ajili ya sufuria.

Nikasema, "Nionyeshe."

Karatasi zote hazikuwa na alama hata moja ya penseli. Rehema ambaye huwa hapitishi ukurasa! Mpaka wa mwisho. Hapo Mwalimu alikuwa ameandika kwamba yule msichana wa kwenye hadithi anaufahamu ukweli, anachukua kanga ya kijani, na kabla hakujapambazuka anaondoka kwenda kumtafuta mama aliyemzaa. Pameandikwa vizuri, nasema kwa haki. Pembeni, mwandiko mdogo kuliko kawaida yake:

*Mwalimu, hapa si kweli. Asingeondoka. Angekaa hapo hapo amsubiri mama yake amwambie.*

Nimesoma mara tatu, nikadhani nimekosea. Zaidi ya mwaka. Zaidi ya mwaka ameamka, ameniamkia, amekwenda shule, amerudi, amekaa hapo hapo. Nimejaribu kutafuta dalili, siku aliyonitazama vibaya, siku aliyonyamaza. Siioni hata moja, na nikiiona sasa nitakuwa naitunga.

"Unaniambiaje?" Mwalimu aliuliza.

"Nikuambie nini, Mwalimu? Wewe ndiye uliyesoma."

Akainuka kwa shida, mkono ukutani. Mlangoni akageuka, nikajua anataka kuniomba radhi, na nikajua akiniomba nitalia, kwa hiyo nikamwambia mwavuli wake aache, achukue wangu. Akauchukua. Akasema, "Nitaurudisha." Nikasema, "Ubena ni mbali, kaa nao." Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, mwavuli. Nimemtazama mpaka kona ya duka la Bhai. Bega la kushoto lilikuwa linalowa tena. Ni jinsi anavyoubeba.

Anakuja. Nasikia viatu vyake.

Naandika baada ya isha. Mvua imekwisha kabisa.

Rehema aliingia, "Shikamoo mama," nikamwitikia. Aliona bunda juu ya mkeka. Aliliona, maana hatua yake ilipungua. Akabadilisha sare, akachukua nazi, akaivunja, akaketi juu ya mbuzi, akaanza kukuna. Mchele ulikuwa motoni. Mimi nimesimama na mwiko, nimebana kifuniko, najiambia bado kidogo, wali ukiiva, baba yake akirudi, kesho.

Nikamwambia, "Rehema, mwaka uliozaliwa wewe nilikuwa na maziwa, na mtoto sina."

Hakunyanyua uso. Mikono iliendelea, nazi ikaanguka nyeupe kwenye sinia, krr, krr.

"Kisha?" akasema.

Nikakaa chini, kwenye kigoda alichokalia Mwalimu. Nikamwambia gari la samaki. Nikamwambia kanga, ambayo ninayo, na nitampa. Nikamwambia mama mdogo alivyolia na kwamba sikumrudishia, na kwamba hilo sijawahi kumwomba radhi. Nikamwambia habari ya jina na ya walii. Kila nikikwama alisema neno lile lile, bila haraka, kama mtu anayemshika mzee mkono kwenye matope. Nazi ilikwisha, akabaki anakuna kifuu kitupu. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu, kama baba yake anajua kwamba yeye anajua. Nikasema bado. Akasema, "Basi leo aambiwe, mama. Asikae peke yake."

Hapo ndipo mume wangu alipoingia kutoka shambani Makurunge, matope mpaka magotini, akasimama mlangoni akinusa.

"Humu ndani kuna nini kinaungua?"

Tukatazamana, mimi na Rehema, na yeye ndiye aliyecheka kwanza. Wali ulikuwa umeungua nusu ya sufuria. Tui la nazi hatukulitia, tulilipeleka kwenye mchuzi wa changu. Nikamwambia mume wangu keti, unawe, kuna maneno. Tukala ule wa juu kwa mchuzi, na maneno yalipozidi tukala na ukoko, watatu kwenye sinia moja, tukiubandua kwa vidole, mpaka sufuria ikabaki safi.